Vita vya PlayStation na Xbox si vyetu, lakini watoto ni wetu

Ndugu wasikilizaji, na ninyi ndugu zetu wahami mnaotusoma kwenye simu, kuna ubishi usioisha hapa Wagenia: kati ya PlayStation na Xbox, ipi ni mashine bora? Vijana wanabishana njiani kwenda kwenye maporomoko, wanabishana juu ya toleka, wanabishana hata mbele ya kibanda ambacho ndani yake hakuna mashine mpya hata moja. Wengine wanatuma ujumbe redioni wakitaka tuwakatie kesi.

Leo ninajibu, lakini jibu langu linawahusu zaidi wazazi, wenye vibanda na wakuu wa mitaa kuliko hao vijana. Maoni yangu ni haya: ushindani wa makampuni yale haukupangwa kwa ajili yetu, na kinachotufikia ni mabaki yake. Hata hivyo mabaki hayo ndiyo yanayopanga jioni za watoto wetu, wenyeji na wahami pamoja, na sisi watu wazima hatujakaa chini kuyawekea kanuni. Kufunga vibanda si dawa. Kuviacha viende vinavyotaka si dawa vilevile.

Wenyewe wanagombania nini

Tuanze na habari yenyewe, maana wengi wanabishana bila kuijua. Makampuni makubwa ya mashine za kuchezea leo ni matatu: Sony na Nintendo za Japani, na Microsoft ya Marekani. Sony ndiyo yenye PlayStation, Microsoft ndiyo yenye Xbox. Zamani kulikuwa na Sega pia, nayo ilishindwa na kuacha kutengeneza mashine mwaka 2001. Iliyoimaliza nguvu ni PlayStation 2, iliyotoka Japani mwezi wa tatu 2000 na kuuzwa duniani zaidi ya milioni 155.

Siku zile ushindani ulimfaa mnunuzi. PlayStation 2 ilianza Marekani kwa dola 299, na kufika mwaka 2009 ilikuwa imeshuka mpaka dola 99. Kila kampuni ilipunguza bei ili isiachwe nyuma. Mashine zilizochokwa huko ziliingia kwenye makontena, zikapita Dubai na Kampala, zikachukuliwa na wafanyabiashara wa Butembo, zikafika Kisangani juu ya magari ya mizigo kwa barabara ya taifa namba 4. Hivyo ndivyo Play ilivyotufikia.

Sasa mambo yamegeuka. PlayStation 5 na Xbox mpya zilitoka mwezi wa kumi na moja 2020. Kwa desturi ya zamani, miaka mitano baadaye bei ingekuwa imeanguka, lakini imepanda. Xbox kubwa iliyoanza kwa dola 499 huko Marekani ilifika dola 649 mwaka 2025. Sony nayo iliongeza dola 50 mwezi wa nane wa mwaka huohuo. Nintendo ilitoa mashine yake mpya, Switch 2, mwezi wa sita 2025 kwa dola 449.

Halafu tazameni na hili. Mwaka 2023 Microsoft ilinunua kampuni ya michezo iitwayo Activision Blizzard kwa dola karibu bilioni 69, baada ya kuvutana na wasimamizi wa biashara wa Marekani na Uingereza. Pesa hizo zinapita kwa mbali bajeti ya mwaka mzima ya taifa letu. Sony ililalamika sana kwamba itanyimwa michezo. Lakini mwezi wa nne 2025 mchezo wa magari wa Microsoft yenyewe, Forza Horizon 5, ulianza kuuzwa kwenye PlayStation. Kumbe mabwana wanapatana pale palipo na faida, huku vijana wetu wakiendelea kununiana kwa ajili yao.

Kwa nini hapa kwetu PlayStation ilishinda

Wagenia hakuna vita vya mashine. Vilikwisha zamani, na PlayStation ilishinda kwa sababu ambazo hazimo katika matangazo ya kampuni yoyote.

Ya kwanza ni diski. Mafundi walijua kuifungua PlayStation 2 na kuibadilisha ili isome diski zilizonakiliwa. Sisemi kwamba ni halali. Ninasema ndivyo ilivyokuwa, na bila hilo hakuna kibanda ambacho kingeweza kununua michezo kwa bei ya Ulaya.

Ya pili ni mpira. Watoto wetu hawakutafuta michezo ya hadithi ndefu inayochezwa na mtu mmoja kwa wiki nzima. Walitaka mchezo wa dakika chache, watu wawili, mshindi na mshindwa, watazamaji kumi nyuma wakipiga kelele. Mpira wa Konami na ule wa FIFA ulitosha. Ubaya ni kwamba humo mtoto anachagua Barcelona au Real Madrid. TS Malekesa na AS Nika hawamo.

Ya tatu ni fundi. Maneti ikiharibika, yaani kile kishikio chenye vibonye, unapata nyingine au unatoa kibonye kwenye maneti iliyokufa. Jicho la kusoma diski likichoka, kuna mtu sokoni anayejua kulisafisha au kulibadilisha. Xbox ikiharibika, mwenye kibanda anatafuta kipuri hata anachoka. Mashine isiyo na fundi mtaani ni mzigo, hata ikiwa nzuri namna gani.

Ya nne ni umeme. Umeme wetu unatoka kwenye bwawa la mto Tshopo, lililojengwa zamani za Wabelgiji, na kila mkaaji wa Kisangani anajua unavyokatika. Mwenye kibanda anawasha jenerata na anahesabu esansi. PlayStation 5 inaweza kula wati 200 mchezo ukiwa mzito. PlayStation 2 ile ndogo haikufika hata robo ya hapo. Kwa anayenunua esansi kwa chupa, hesabu hiyo ina uzito kuliko uzuri wa picha.

Kwa hiyo kijana anayeuliza ipi ni bora namjibu hivi: bora ni ile ambayo mtu wa mtaani anaweza kuitengeneza na watu wawili wanaweza kuichezea kwa pesa ndogo. Wagenia wanaielewa vizuri hoja hiyo. Mitego yetu ya maporomokoni ni miti, kamba na vikapu. Maji yakiivunja, wenyewe wanaifunga tena.

Vita vipya vinatuacha nje

Hatari iko mbele. Makampuni yanaondoka kwenye diski. Xbox ndogo, Series S, haina mahali pa kuingiza diski. PlayStation 5 nayo ina aina isiyosoma diski. Mchezo unashushwa kwa intaneti, na unaweza kuzidi gigabaiti 50. Nani hapa atanunua vifurushi vya kiasi hicho? Konami iliacha mtindo wake wa zamani mwaka 2021 na kuleta eFootball, mchezo usiolipiwa kuingia lakini unaotaka intaneti. Kucheza na mtu wa mbali kwenye mashine hizi mara nyingi kunadai malipo ya kila mwezi kwa kadi ya benki. Diski ilikuwa inaazimwa, inauzwa tena, inabadilishwa na jirani. Mchezo uliofungwa kwenye akaunti ya mtu mmoja hauazimwi kirahisi.

Matokeo yake ninayaona ni mawili. Vibanda vitaendelea na mashine za zamani mpaka zife, na watoto watahamia kwenye simu. Huko kwenye simu mchezo wa mpira umekaa mlango mmoja na kubeti. Mzazi anayefurahi kwamba kibanda kimefungwa aangalie mtoto wake anashika nini usiku. Kwenye kibanda angalau kuna mtu mzima, kuna majirani, na mama anaweza kupita akamwita mwanawe kwa jina.

Maneno ya koltani

Kuna jambo lingine ambalo husemwa sana kwenye benchi za vibanda: kwamba mashine hizi ni zetu, kwa sababu koltani ni yetu, na kwamba Kisangani ilipigwa kwa ajili ya PlayStation. Tuliseme sawasawa, maana watoto wa hapa wanastahili ukweli kamili.

Ni kweli kwamba koltani inatoa tantali, na tantali inaingia kwenye vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme ndani ya simu, kompyuta na mashine za kuchezea. Ni kweli kwamba mwishoni mwa mwaka 2000 bei yake ilipanda mara kadhaa katika muda mfupi, wakati ambapo PlayStation 2 ilikuwa inatafutwa Marekani na Ulaya, kisha ikaanguka mwaka 2001. Huko ng'ambo wapo waliofika kuita vita vyetu kwa jina la mashine hiyo. Lakini tantali ya dunia haikuliwa na PlayStation peke yake. Simu na kompyuta zilichukua nyingi.

Na Vita vya Siku Sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mji wetu kuanzia tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa sita 2000, vilitokea kabla bei ya koltani haijafika kileleni. Kisangani ilikuwa mji wa almasi, na majeshi hayo mawili yaligombania mji, biashara na ukubwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inasema raia waliouawa ni kati ya 244 na 760, waliojeruhiwa wamepita 1,000, na nyumba zaidi ya 400 zilibomolewa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua tarehe 9 mwezi wa pili 2022 kwamba Uganda ilipe Congo dola milioni 325, na wahanga wa mji huu wanajua wenyewe safari ya pesa hizo ilivyo ndefu.

Wazee wanasema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Sisi tulikuwa nyasi kweli, siyo kwa mfano. Ndiyo maana sitaki mtoto aambiwe kwamba jirani zake waliuawa kwa sababu ya mchezo wa televisheni. Waliuawa na watu wenye majina na vyeo. Makampuni yana swali lao la kujibu kuhusu mahali yanakonunua madini, na swali hilo liko hai leo kule Rubaya, Kivu Kaskazini, mahali ambapo machimbo yake yako mikononi mwa waasi wa M23 tangu 2024. Tusilichanganye na jingine.

Kwa ndugu zetu waliofika hapa kutoka Kivu, ninajua kwamba kwao hiyo si historia. Mtoto aliyelala njiani kwa sababu ya vita vya huko anakaa leo kwenye benchi akiwa ameshika maneti, na ndani yake huenda kuna chembe ya mchanga wa kwao. Simkatazi kucheza. Ninataka ajue.

Aliyefungwa analipa

Sasa nifike kwenye shida yenyewe. Wazazi wengi wanalaumu mashine. Mimi ninalaumu kanuni moja ndogo ya vibanda: aliyefungwa analipa.

Wanakaa wawili. Anayeshinda anabaki kwenye benchi bure, anayeshindwa analipia mchezo wote na kuondoka. Mwenye kibanda anaipenda kanuni hii kwa sababu foleni inakwenda haraka. Lakini fuateni pesa mwone inatoka mfukoni mwa nani. Kijana wa miaka ishirini aliyezoea anacheza tangu saa kumi jioni mpaka usiku bila kutoa hata franka moja. Watoto wadogo wanapanga mstari mbele yake, na kila mmoja analipa ili afungwe. Wanyonge ndio wanaomlipia hodari.

Na mnyonge kuliko wote ni mtoto mhami. Amefika juzi, hajui vibonye, hana rafiki wa kumfundisha, lakini anataka kuonekana mtu kati ya watu. Anacheza dakika tano, anafungwa, analipa. Kesho anarudi. Pesa inatoka wapi? Kwa baba aliyepoteza shamba, kwa mama anayeuza mafungu ya mboga mbele ya nyumba ya kuazima. Ikipotea noti ndogo nyumbani, ugomvi unaanza, na mtoto anaitwa mwizi katika nyumba ambayo tayari ina maumivu ya kutosha. Familia iliyowapokea nayo inaanza kunung'unika. Kanuni moja ya kibanda inaingia mpaka chumbani.

Hata hivyo, kibanda hichohicho kina kitu ambacho mikutano yetu ya amani inakitafuta kwa shida. Tangu 2023, mgogoro wa ardhi kati ya jamii za Mbole na Lengola umewaleta watu wengi mjini kutoka ng'ambo ya Lubunga na vijiji vya ndani. Watu wazima wa pande hizo bado wanaogopana. Kwenye benchi la Play, watoto wao wanaweza kukaa bega kwa bega, na swali pekee linaloulizwa ni nani anachukua Barcelona. Sisemi kwamba hiyo ni amani. Ninasema tusiivunje kabla hatujapata kitu bora cha kuweka mahali pake.

Tunachoweza kufanya bila kungoja mtu

Wapo wanaotaka vibanda vyote vifungwe. Ninawaelewa. Mwalimu anayeona madawati matupu ana haki ya kukasirika, na mchungaji anayesikia matusi ya kibandani Jumapili asubuhi ana haki ya kusema. Lakini kibanda kikifungwa kwa nguvu kinahamia uani, mlango unafungwa, na hapo hakuna mama atakayepita kuchungulia. Ninapendekeza mambo manne, na yote yanaweza kuamuliwa na wenye vibanda wakiwa pamoja na wakuu wa mitaa.

Kwanza, kanuni ya aliyefungwa analipa iondolewe. Kila mchezaji alipe nusu kabla ya kuanza, na baada ya michezo miwili wote wawili wainuke. Mwenye kibanda hapotezi kitu: malipo ni yaleyale na foleni inakwenda vilevile.

Pili, siku za shule mtoto wa shule ya msingi asiingie kibandani kabisa. Wengine wanapendekeza kuweka saa, lakini saa hazitafanya kazi hapa, kwa sababu shule nyingi zina zamu ya asubuhi na zamu ya mchana. Ukimkuta mtoto kibandani saa nne asubuhi, atakuambia anasoma mchana. Ukimkuta saa nane, atasema alisoma asubuhi. Siku ni rahisi kuichunga kuliko saa. Jumamosi na Jumapili alasiri zitoshe.

Tatu, Jumamosi asubuhi, wakati vibanda havina watu, kila kibanda kwa zamu kitoe saa moja ya kujifunza kwa watoto wahami na watoto wa familia zilizowapokea, bila malipo. Esansi ya saa hiyo si kitu cha kusahau, na sitaki mwenye kibanda abebe peke yake. Komini inaweza kumsamehe tiketi ya siku hiyo. Hiyo ni gharama ndogo kuliko semina moja.

Nne, mafundi wachukue wanafunzi. Mashine hizi za zamani zitazidi kuharibika, na zile mpya hazitatufikia karibuni. Anayejua kuchoma waya, kufungua maneti na kubadilisha feni atajua pia kutengeneza redio, simu na taa ya jua. Kijana mhami wa miaka kumi na sita ambaye masomo yake yamekatika anaweza kuanza hapo. Hiyo ndiyo faida ya kweli tunayoweza kuitoa katika vita vya mabwana hao: ufundi unaobaki mikononi mwetu hata mashine ikifa.

Ninajua kuna watakaosema kwamba katika mji wenye wahami, bei za vyakula na barabara zilizoharibika, kuandika juu ya Play ni mchezo. Ninawaomba watembee mtaani saa kumi na mbili jioni wahesabu watoto walio kibandani, halafu wahesabu walio mahali pengine popote ambapo mtu mzima amewaandalia kitu. Tusipojali mahali watoto walipo, tutawajalia wapi?

Mwaka mpya wa shule unaanza mwezi wa tisa. Wenye vibanda wa Wagenia wakikubali kukutana na wakuu wa mitaa kabla ya hapo, redio itatoa nafasi ya kutangaza walichokubaliana, pamoja na jina la kila kibanda kilichotia sahihi, ili wazazi wajue watamwachia nani watoto wao. Wale wasiokubaliana nami nao walete hoja zao. Kipaza sauti ni cha wote. Na wahami msingoje kualikwa. Mkutano huo unawahusu watoto wenu kama unavyowahusu wa kwetu.